Visi Moja ku Mukono ya Kuume

Safari na Mapenzi, wajukuu zangu wawili mwenye munabaki na atelie ya kutengeneza moteri,

Juzi muliniuliza juu ya nini kila mara nikimaliza kufunga sufle ninageuza visi moja, ile musumari ya kuzungusha, ku mukono ya kuume, na mie niko mutu wa kushoto. Nikawajibu, "Mufanye tu vile." Mapenzi akacheka, akasema koko amezeeka. Ni kweli, nimezeeka. Vidole yangu haisikii tena kama kauchu, ile mupira ya kufunika, imeingia mu njia yake ao imekaa tu juu yake, na fundi mwenye hasikii ile, afazali aende kupanda maharagi. Njo maana nimewaachia funguo. Lakini ile neno ya visi sitaki kubaki nayo. Nilisoma paka ya tatu primere, kwa Masere Lusia, sista mwenye kutupiga na rula, na ninaandika sawa vile ninasema. Musitafute virgule wala nukta.

Watu wanafikiri niliingia mu hii kazi juu nilipenda mashini. Niliingia juu ya maharagi. Bwana yangu Tomasi alikuwa amekufa, na mie nilikuwa ninapika maharagi, ninapitisha saa sita ku maatelie ya mutaa ya Lumumba, hapa Bunia. Kwa Fundi Uweka njo nilikuwa ninamalizia, juu pale sufuria ilikuwa inakwisha. Uweka alikuwa mutu wa Mahagi, mukatoliki wa nguvu. Hakuweza kufungua moteri mbele ya kufanya alama ya musalaba, kisha alikuwa anatukana ile moteri paka magaribi. Alikuwa anatengeneza pompe ya wachimba zahabu wa Nizi na Mongbwalu, na boti ya ziwa, zenye watu walikuwa wanapandisha paka Bunia juu ya remorki, ile gari ya kuvutwa.

Siku ya kwanza nilikuta mukono yake imekwama mu pompe. Alikuwa anatafuta kauchu imekatikia ndani, na mukono yake ilikuwa nene sawa muhogo. Akatosha mukono, akaniangalia.

"Mama wa maharagi, lete mukono."

"Ya nini?"

"Lete, haitakukula. Ilishakula yangu, imeshiba."

Nikaweka sufuria chini, nikaingiza mukono, nikatosha kauchu. Haikuomba akili, iliomba mukono mudogo. Lakini mwanafunzi wake, Ngabu, kijana wa mudomo, akapiga kelele: "Fundi! Ni wa kushoto! Huyu atafunga vitu yote kinyume."

Uweka hakugeuka hata. "Ngabu, weye uko wa kuume, na kila pompe unafunga inakojoa."

Siku ile maharagi ilipoa. Kesho yake nilirudi bila sufuria.

Sasa ninaandika juu ya sufle. Nyinyi munaijua, lakini mwenye atakuja kisha yenu pengine hataijua. Kuko boti zenye moteri inakaa ndani, na mukia inakaa inje, mu maji. Mukia njo inazungusha helisi, panga ya kusukuma maji, na kugeuza boti. Katikati ya moteri na mukia kuko tundu mu ukuta ya nyuma ya boti, na mu ile tundu kunapita fimbo ya kuzungusha. Kama tundu iko wazi, ziwa inaingia. Njo maana kuko sufle, kauchu ya mikunjo mikunjo sawa akordeo, inafunika fimbo na inajipinda wakati mukia inajipinda. Kila mwisho ya sufle inafungwa na mukaba ya chuma, kolie, na kila kolie inakazwa na visi moja. Kazi ni ile tu. Lakini kauchu inachoka. Inachoka ikitembea, na ikikaa bure inachoka zaidi. Mikunjo inapasuka chini, mahali jicho haifiki. Maji inaingia mbele mu rulma, ile pete ya chuma yenye fimbo inazungukia ndani, rulma inaanza kulia sawa mutoto wa mbuzi. Mwenye boti anasema, "Itanyamaza." Inanyamaza kweli, chini ya ziwa.

Uweka alinifundisha kutosha sufle ya zamani mu njia yake bila kukwaruza chuma. Kusafisha njia ya kauchu na kitambaa paka kitambaa irudi nyeupe. Gundi kidogo ku mwisho ya ndani. Ku mwisho ya inje hakuna gundi na hakuna gresi, ni sabuni ya kipande na maji. Sabuni inaacha kauchu iteleze paka mu njia yake, kisha inakauka na kuiacha pale. Gresi haikauki, kauchu itateleza siku yote. Kisha unapitisha kidole muzunguko muzima. Ukisikia kilima, haijaingia. Rudia.

Na unga. Tulikuwa tumechimba shimo nyuma ya atelie, tukatandika bashi, ile turubali, tukajaza maji, tukawa tunateremusha nyuma ya boti mule. Ndani ya boti, chini ya ile tundu, Uweka alikuwa anapakaza unga ya muhogo, nyembamba, sawa mama anataka kukausha. Tunaacha paka kesho. Tone moja ikipita, unga inashikana na kuonyesha mahali. Watu wa Lumumba walikuwa wanasema atelie yetu inapikia moteri fufu.

Lakini kitu Uweka alikuwa anapigania kuliko yote ni kichwa ya visi. Ngabu alikuwa anakaza kolie na kuacha visi mahali imeangukia, chini ao ndani.

"Nani ataona, Fundi?"

"Mwenye kufungua kisha yako ataona. Atatosha mukia muzima juu ya visi yako moja, na atakutukana. Na kama ni mie, nitakutukana na luga ya kwetu Mahagi, utakufa bila kujua umeitwa nani."

Visi ilitakiwa kuangalia juu, kidogo ku upande, mahali turnevisi murefu, chuma ya kugeuza visi, inafika bila kufungua kitu ingine. Yeye alikuwa anaiweka ku kuume, juu mukono yake ilikuwa ya kuume. Mara ya kwanza nilifunga sufle peke yangu, niliiweka ku kuume vilevile, na bega yangu ikaniuma juu ya kujipinda. Akaniona.

"Dorika, mukono yako ni gani?"

"Kushoto, Fundi."

"Basi weka ku kushoto. Tukikuta ku kuume, ni mie nilifunga. Tukikuta ku kushoto, ni weye. Tutajua wa kutukana."

Tukatumika vile miaka mingi. Nililea wabinti zangu, nikazika moja, nikaozesha wengine, na kila asubui nilikuwa ninakuta Uweka ku kiti yake ya mbao mbele ya mulango, anafanya alama ya musalaba juu ya kikopo ya visi.

Vita ilipofika sitaieleza. Mwenye alikuwa hapa anaijua, mwenye hakukuwa asiitamani. Nitasema tu hii: Uweka alikuwa anatengeneza boti ya kila mutu mwenye aliileta, mwenye nyavu na mwenye bunduki, juu mwenye bunduki haulizi kama uko na nafasi. Basi hawa wakasema ni fundi wa wale, na wale wakasema ni fundi wa hawa. Asubui moja alikuja na bibi yake Anjelani na mizigo mbili. Akanipa turnevisi murefu.

"Na weye utatumika na nini?" nikamuuliza.

"Ngambo ya ziwa kuko turnevisi. Baganda pia bako na visi."

"Unarudi lini?"

"Sufle mupya inakaa miaka mbili. Mbele ichoke, nitakuwa nimerudi."

"Sufle gani, Fundi?"

"Yoyote, Dorika! Usiniulize sawa polisi." Kisha akaangalia kiti yake. "Ile usiuze."

Wakaenda, wakavuka ziwa. Mie nikafunga mulango, nikaweka kiti ndani.

Kisha ikaja ile salama ya nusu. Nyinyi mulikuwa wadogo. Bunduki ilinyamaza mu mji, gari nyeupe ilikuwa inapita na wageni wa kofia ya chuma, soko ikafunguka, lakini watu walikuwa wanasalimiana wakiangalia nyuma ya mabega. Ukitaja jina ya mutu mwenye alikimbia, mwenzako anaanza kuongea juu ya bei ya chumvi. Ngabu alikuwa amekwenda Mongbwalu kuchimba, hakurudi. Wabinti walikuwa ku mabwana zao. Nikafungua atelie peke yangu.

Sikujua mbele kama atelie iko na ukimya. Nilikuwa ninafungua pompe na kusema kwa sauti, "Lete kle ya kumi na tatu," kisha ninasimama, ninaifuata ile spana mie mwenyewe. Wamama wa soko hawakunizoea, walisema ninanukia mafuta ya gari. Wafundi wanaume walikuwa wananisalimia muzuri, kisha wanaenda kunywa bila kuniita. Saa sita nilikuwa ninapika maharagi kidogo, ninakula nikiangalia kiti. Mara ingine nilikuwa ninapika ya watu wawili, mazoea tu. Kuku ya jirani Mama Vumilia ilinenepa juu ya ile.

Njo Muzee Kisembo akakuja. Alikuwa mutu wa ngombe na wa biashara, na mbele ya vita boti yake ilikuwa inavusha watu na samaki kutoka Kasenyi, ku kando ya ziwa. Kufika kwa vita aliipandisha na remorki, akaificha mu zizi yake, chini ya majani, katikati ya ngombe. Sasa alitaka kuirudisha ku maji. Nikaenda kuiangalia. Nikapiga magoti nyuma ya mukia, na harufu ikanipiga. Ilikuwa harufu ya nyumba ya mama yangu.

"Muzee, hii kauchu mulipaka nini?"

"Mafuta ya ngombe," akasema na furaha. "Nilisikia kauchu inakauka ikikaa. Kila juma nilimupaka miye mwenyewe, sawa mutoto muchanga."

"Na panya?"

"Panya gani?"

Nikamuonyesha. Mikunjo ilibaki nusu tu, na meno ya panya ilionekana wazi. Siye watu wa ngombe tunapaka yale mafuta ku ngozi, ku vibuyu, ku mutoto, na hakuna mutu alimuambia kama boti si mutoto. Muzee Kisembo akainama, akaangalia, akasema pole pole, "Walikuwa wananenepa. Niliwaona. Nilifikiri ni juu ya salama."

Nilicheka. Ilikuwa siku mingi sijacheka na mutu, na sauti yangu ilinishangaza.

Sufle mupya ilikuja na kamio, lori ya mizigo kutoka Ariwara. Niliifunga na sabuni, nikageuza visi mbili ku kushoto, nikateremusha boti mu shimo, nikapakaza unga. Kesho yake unga ilikuwa kavu. Tukateremusha boti paka Kasenyi, na mie nikaenda nayo, juu nilikuwa na neno. Boti ilikuwa inaenda ngambo, na ngambo kulikuwa Uweka. Mwendesha boti alikuwa Jakisa, mutu wa ku ziwa, wa maneno kidogo.

Nikamuvuta kando. "Jakisa, mwanangu, ukifika kule, utafute Fundi Uweka. Umuambie Dorika anamusalimia. Umuambie kiti iko."

Akaangalia wanajeshi wenye walikuwa wanakaa ku muchanga. "Mama, mie ninabeba batu na samaki. Sibebi maneno."

"Ni salamu tu."

"Salamu ya nani kwa nani? Kila safari bananiuliza nani alisema nini na nani. Nikijua jina ile, nitakuwa mutu wake. Unirehemu, Mama." Kisha akaongeza, na macho ku maji: "Kule kuko muzee moja anaangaliaka moteri ya kila boti yenye inafika. Jina yake siijui. Sitaki kuijua."

Boti ikaenda. Mie nikapanda mulima, nikarudi ku ukimya yangu.

Kiangazi, wakati boti zinavutwa ku muchanga, nikashuka tena Kasenyi kuangalia kauchu. Nikapiga magoti, nikaingiza turnevisi ku kushoto, mahali niliacha visi. Turnevisi ikagusa chuma tupu. Nikaingiza kidole. Visi zote mbili zilikuwa ku kuume, zinaangalia juu, na kila kichwa ilikuwa na tone ya gresi, vile Uweka alikuwa anafanya, visi isishike kutu.

Nilikaa chini mu muchanga.

"Mama, kuko shida?" Jakisa akauliza.

"Hapana. Iko muzuri. Iko muzuri kabisa."

Niligeuza visi zote mbili ku kushoto, nikaziwekea gresi. Mutu akiniona angesema ninapoteza wakati, juu kolie ilikuwa imekaza sawa sawa. Lakini nilikuwa nimejibu. Na kurudi, juu ya kamio, katikati ya mifuko ya samaki, niliimba.

Mara ya kufuata nilikuta moja ku kushoto, ile niliacha, haikuguswa. Ya pili ilikuwa ku kuume. Moja yangu, moja yake, ku boti moja. Kutoka pale hatukubadilisha tena. Sufle ikichoka ninatia mupya, ninaacha visi zote mbili ku kushoto, na boti inarudi na moja ku kuume. Muzee Kisembo alikuwa anasifu sana kazi yangu, anasema kolie yake haipitishi maji. Sikumuambia kama iko na wafundi wawili.

Ile njo ilikuwa maongezi yangu, wapenzi. Watu wengine walikuwa na simu. Mie nilikuwa na visi, na ilikuwa inasema neno moja tu: niko. Haikusema, ninarudi. Sufle ya kwanza ilichoka, ya pili ikachoka, na Uweka hakukuja. Watu wengine walikuwa wanarudi, siku ingine familia muzima na magodoro juu ya kichwa. Nyumba yake ya Lumumba ilikuwa na watu ndani, kisha wale wakahama, ikabaki wazi. Nikaenda kuifagia. Nikaweka nafasi mu atelie, nikapangusa kiti. Kila boti ikikuja nilikuwa ninasema: pengine sufle hii.

Kisha upande ya Djugu ikaharibika tena na vita. Barabara ikafunga, boti ikakaa. Ilipoanza kutembea na mie nikafika Kasenyi, niliingiza kidole ku kuume kwanza, mahali yake. Hakukuwa kitu. Zote mbili zilikuwa ku kushoto.

Nilifikiri hakuigusa. Lakini nikaangalia na tochi. Ku chuma ya kolie, upande ya kuume, kulikuwa alama safi, mahali visi ilikaa siku mingi na kutu haikufika. Na kichwa ya zote mbili ilikuwa na gresi, mingi, kuliko siku yote. Mutu alikuwa ameitosha ku mukono yake na kuileta ku mukono yangu, pole pole, na akaifunga muzuri.

Jakisa alikuwa anasimama nyuma yangu. Nikamuuliza, "Ule muzee wa ngambo, anatembea?"

Akajibu: "Anatembeaka na fimbo. Ile siku walimushika mabega, wamulete paka ku boti. Alikataa wamufanyie kazi."

Nikaelewa. Alikuwa ananiambia nisingojee sufle ingine. Atelie yote, visi yote, ni yako.

Boti ikaenda, ikarudi. Nikapiga magoti tena. Visi zilikuwa vile niliacha, ku kushoto, gresi ni ile ile ya zamani, na muchanga imeshikana juu yake. Jakisa akatosha kofia. Ile siku wanajeshi walikuwa palepale ku muchanga, wanaangalia, na yeye akasema kwa sauti yenye wote walisikia:

"Mama Dorika, Fundi Uweka alikufa. Tulimuzika ku kilima, mahali boti zinaonekana."

"Ninajua," nikasema. "Asante, Jakisa, kwa jina yake."

Nikachukua turnevisi yake murefu, nikalegeza kolie moja, nikageuza visi ku kuume, nikaikaza. Mukono ya kushoto inafika pale kwa shida, munajua, bega inajipinda. Kutoka ile siku nimefanya vile ku kila sufle.

Basi nimewajibu. Kiti iko mbele ya mulango, mutu mwenye kuchoka akae, isikae bure. Usipake kauchu mafuta ya ngombe. Na visi: nyinyi wawili muko wa kuume, ile ya kuume itakuwa rahisi kwenu, na Uweka hatakasirika. Ya pili muweke ku kushoto. Itawauma bega kidogo. Ukisahau, maji haitaingia juu ya ile, boti itaenda tu. Lakini mie nitapita Kasenyi siku moja moja, kama miguu inakubali, na nitaingiza kidole.